Jenereta Inapokonyeza

Watu wakinisikia nikisema kwamba ninatafiti zana za kuandikia programu za wakati halisi, hudhani nashughulika na mwendo wa kasi. Nimechoka kuwakatalia, lakini nitawakatalia tena hapa. Wakati halisi si haraka. Ni kufika kabla muda haujaisha. Chumvi ikiletwa baada ya sahani kuoshwa, hakuna atakayeuliza ilikimbizwa kwa kasi gani.

Utafiti wenyewe unaelezeka hata kwa mtu aliyekuja kunisalimia tu. Ndani ya vifaa vingi siku hizi mna kompyuta ndogo, nyingine hazizidi ukucha wa kidole gumba. Hazina skrini wala mahali pa kuandikia. Mtu huandika maagizo kwenye kompyuta yake ya kawaida, kisha huyapeleka huko kwa waya. Shida ni kwamba hiyo ndogo ina kazi nyingi na hufanya moja moja: kupima joto, kuwasha taa, kuzungusha mota, kuonyesha namba. Kila kazi ina kikomo chake cha muda. Zana ninayoitengeneza husoma maagizo kabla hayajapelekwa, hukadiria kila kazi itachukua muda gani mambo yakienda vibaya kabisa, kisha huchora mstari. Mstari wa kijani maana yake kila kazi itawahi. Mwekundu maana yake kuna itakayochelewa. Naipenda kazi hii kwa sababu inaniruhusu kuuliza maswali bila kikomo, na anayeulizwa ni mashine, haiwezi kukasirika.

Mama yetu alikuwa akikasirika. Alifuga kuku kwetu, upande wa Mahagi, kuku wa shingo wazi, wasio na unyoya hata mmoja kuanzia chini ya kichwa hadi mabegani. Wageni waliwaona wabaya. Yeye aliwaona wazuri, na aliyewacheka hakupewa yai. Nilipokuwa mdogo nilimsumbua kwa swali moja: kuku anayelalia anajuaje kwamba mayai yamepata joto la kutosha, sasa ainuke akanywe maji, na anajuaje wakati wa kurudi kabla hayajapoa? Siku moja alichoka, akanionyesha banda na kusema, “Enda umuulize yeye mwenyewe.” Nilikwenda. Nilirudi na kidole kinachotoka damu, na mama alicheka mpaka akakaa chini.

Mama alipofariki, kuku wale waliliwa msibani. Hakuna aliyekosea. Watu walikuja wengi, wa ukoo, wa parokia, wa ziwani, na mgeni wa msiba hawezi kurudi na njaa. Kila asubuhi jogoo mmoja au tetea wawili walipungua, na siku ya kuondoa matanga banda lilikuwa kimya. Dada yangu mkubwa, ambaye namwita yaya, aliingia bandani peke yake akakusanya mayai yaliyobaki kwenye viota. Aliyafunga katika vitenge vya mama na kuyapakata njia nzima hadi Bunia, juu ya lori. Hata lori liliposimama Iga Barrière, abiria wengine waliposhuka kununua ndizi, yeye hakushuka.

Alinikuta chuoni, bado ana vumbi la safari kwenye nyusi.

“Mudogo yangu, unitengenezee kuveze,” alisema. Kuveze ndiyo mashine ya kutotoleshea mayai. “Kuku ya kulalia haiko tena. Hii mayai njo ya mwisho.”

Nilimwambia kwamba mimi ni mtu wa zana, si wa kuku, na zana yangu haijawahi kutoka nje ya chumba changu.

“Weye unasomaka miaka yote ile, sasa kazi ya kuku itakushinda?”

Nilikasirika, na kwa sababu nilikasirika nilikubali. Yaya ananijua vizuri. Lakini nisiseme uongo: nilipokuwa natafuta sanduku la mbao, balbu na mota ndogo ya kuinamisha sinia la mayai, lile swali la utotoni lilikuwa limeamka. Sasa ningeweza kumuuliza kuku bila kudonolewa.

Niliandika programu kwa siku chache. Pima joto. Likiwa dogo washa balbu, likiwa kubwa zizime. Geuza mayai kila baada ya muda fulani, kama tetea anavyoyageuza kwa mdomo. Kwa kuwa sanduku huanza likiwa baridi, niliweka agizo moja la mwanzo: mashine ikiamka tu, iwashe balbu zote kwa dakika kadhaa bila kupima chochote, ipate joto, ndipo ianze kazi yake. Nikaipa zana yangu programu nzima iisome. Kijani mwanzo hadi mwisho. Nilijisikia fahari, nikaweka kuveze chumbani kwa yaya, hapo hapo Bunia, kwenye meza aliyoitandikia kitambaa cheupe kama altare.

Umeme wa mtaa ule unajulikana. Mchana ni paneli ya jua, jioni ni jenereta ya jirani aliyevuta waya hadi nyumba za wenzake, na usiku ni betri. Nilifunga swichi ya kuhamisha umeme yenyewe kutoka jenereta kwenda betri, nikaona nimemaliza.

Siku za kwanza zilionekana kwenda vizuri. Kisha asubuhi moja yaya alinipigia simu. Alikuwa amebandika kipimajoto cha kioo ndani ya sanduku, kile kinachobaki na alama ya joto la juu kabisa lililofikiwa, kwa sababu, alisema, mashine haiwezi kuwa shahidi wa mambo yake yenyewe. Alama ilikuwa imepanda mno.

“Kuveze yako iko inapika mayai ya mama.”

Nilifika kwa pikipiki nikiwa tayari na lawama. Nilimuuliza nani anafungua kifuniko, nani anachomeka pasi pamoja na kuveze, nani amegusa waya. Yaya alisimama mlangoni mikono kiunoni akaniuliza kama nimekuja kutengeneza au kuhukumu. Nilifungua kompyuta, nikaipa zana programu ile ile. Kijani. Nikaipa tena. Kijani. Nikapima joto mbele yake, mashine ikafanya kazi yake vizuri kabisa, kwa adabu, kama mwanafunzi anayejua mkaguzi yupo.

Hapo hasira zilinitoka, nikabaki na udadisi mtupu. Kitu kinachoharibika wakati wote hakinivutii. Kinachoharibika ukigeuka tu ndicho kinachoninyima raha, na nikimwambia mtu hivyo ananiona mgonjwa. Nikamwomba yaya niketi hapo kutwa nzima. Akaniletea kiti na bakuli la maharage.

Mchana hakikutokea kitu. Giza lilipoingia jirani alivuta jenereta, taa zikawaka, binti wa yaya akachomeka simu, yaya akawasha televisheni. Niliendelea kutazama namba ya joto, na haikutikisika. Habari zilipoisha, taa ya chumba ilizimika mara moja ikawaka tena.

Mtu wa Bunia hahitaji kuelezwa. Jirani mwenye jenereta, akitaka kuzima, hukonyeza kwanza. Anakata umeme kidogo, anaurudisha, anawapa watu nafasi. Baada ya dakika chache anakonyeza tena kwa waliozembea. Kisha anazima kweli. Ni heshima tu, kama kupiga hodi kabla ya kuingia. Kwa hiyo hakuna aliyeshtuka. Binti alichomoa simu yake, yaya akasogeza mshumaa, na mkono wangu mwenyewe ukahifadhi kazi kwenye kompyuta kabla kichwa hakijauambia. Ndipo nilipoona, pembeni ya macho, balbu zote za kuveze zimewaka kwa nguvu ingawa mayai yalikuwa na joto lao kamili.

Mashine ilikuwa imelala kwa lile konyezo na kuamka upya. Nayo, ikiamka, ilidhani imetoka baridini, ikafanya nilichoiagiza: kuwasha kila kitu bila kupima. Kabla dakika zake hazijaisha, jirani alikonyeza tena. Ikalala, ikaamka, ikaanza kuhesabu upya. Kisha akazima, swichi ikaruka kwenye betri, na mashine ikaamka mara ya tatu, bado inajiona asubuhi ya kwanza ya maisha yake. Muda wote huo haikuwa imepima joto hata mara moja.

Zana yangu haikudanganya. Ilihesabu kila kazi tangu mashine ikiwa macho. Kuamka kwenyewe haikukuhesabu, kwa sababu sikuwahi kuiambia kwamba kuamka ni kazi. Nimekulia kwenye taa zinazokonyeza, mkono wangu unazijibu wenyewe, na kwa sababu hiyo hiyo sikuwahi kuziandika popote. Niligonga meza kwa furaha. Nilicheka kwa sauti.

“Unacheka?” Yaya alikuwa ameshafungua kifuniko, anapepea kwa upande wa kitenge. “Mama alikuambia nini juu ya kuchekea kuku?”

Niliona aibu. Nilichomoa balbu, nikamsaidia kupepea.

Asubuhi yake niligeuza agizo la mwanzo: ikiamka, ipime kwanza, na isiwashe kitu kabla haijapima joto. Tukaingia ghalani kwa yaya, tukafunga mlango ili kuwe giza, yaya akayamulika mayai kwa tochi moja moja. Mengine yalikuwa na giza tulivu ndani, akayaweka pembeni taratibu bila kuniangalia. Mengine yalikuwa na mishipa myekundu na kidoa kinachojitupa. Yai haliambii kama shingo ya aliye ndani itakuwa na manyoya au haina. Kuku wa mama walikuwa wameanza kuchanganyika na majogoo wa majirani, na kati ya waliobaki hai tungeweza kukosa hata mmoja wa kwake. Yaya alilijua hilo kuliko mimi. Akarudisha walio hai kwenye sinia, akafunga kifuniko.

Jirani alisikia, maana mtaa hauna siri, akaja na kofia mkononi. Mimi huniita kwa cheo changu cha chuoni, na jenereta yake huiita grupe.

“Asistan, kama grupe yangu iko inaua mayai ya mama yenu, naacha kukonyeza tangu leo. Nitazimaka tu.”

Kwangu hilo lilikuwa jibu jepesi na zuri, nikafungua mdomo kushukuru. Yaya alinitangulia.

“Hapana, papa. Ukizima bila kukonyeza, mama mushonaji wa kule atabakia na nguo katikati ya mashini. Batu bote bataumia juu ya kuku yetu? Kuveze njo itajifunza, hapana weye.”

Jirani alinitazama mimi. Nikasema ndiyo, itajifunza, nikiwa sina uhakika wowote.

Kurekebisha programu moja ni rahisi. Zana ilinichukua muda mrefu zaidi, na ndiyo sehemu niliyoifurahia. Nililazimika kuifundisha iulize maswali ambayo mimi sikuyauliza. Umeme ukikatika hapa, katikati ya agizo hili, itakuwaje? Ukirudi na kukatika tena kabla mashine haijamaliza kuamka? Je, kuna kazi itakayosubiri milele kwa sababu mwanzo unarudiwa tu? Siku ilipofika niliipa ile programu ya kwanza ya kuveze, iliyokuwa ya kijani kila mahali. Ilifikiri kwa muda, ikachora mstari mwekundu mrefu kwenye kupima joto, na pembeni ikaandika kwamba kazi hii huenda isifanyike kamwe. Nilikaa nikautazama ule wekundu kwa raha. Wenzangu wa ofisini waliuliza kama nimepata mshahara.

Wiki tatu tangu mayai yaingie kwenye kuveze zilitimia siku ya soko. Tulisikia sauti kabla hatujaona kitu, mlio mwembamba ndani ya ganda. Kifaranga wa kwanza alitoka saa za alasiri, shingo yake imejaa manyoya. Wa pili naye hivyo. Wa tatu, wa nne. Yaya aliwahamisha kwenye boksi, anawasifu kila mmoja, lakini sauti yake ilikuwa inashuka. Yalibaki mayai machache, moja tu likiwa na ufa. Giza likaingia, jenereta ikanguruma, habari zikasomwa, zikaisha.

Taa ikakonyeza. Sote tuligeuka kutazama kuveze. Mashine ililala, ikaamka, ikapima, na balbu zake zikabaki zimezimika. Taa ikakonyeza tena. Ikapima tena. Jirani akazima, na katika mwanga wa mshumaa yaya aliinama, akainua kutoka kwenye ganda kitu kilicholowa, chenye shingo nyekundu isiyo na unyoya.

Hakumweka kwenye boksi. Alimbana taratibu kwenye shingo yake mwenyewe, chini ya sikio, akaanza kulia, kilio ambacho msibani hakukilia kwa sababu alikuwa jikoni anawapikia watu.

“Zile siku za kilio tulibakula kuku bote,” alisema. “Tulibakula bote, mudogo yangu. Na huyu amerudi.”

Nilitaka kumuuliza kama swichi ilikuwa imeruka vizuri kwenye betri, kwa maana nilikuwa nimesikia mlio nisioujua. Swali lilikuwa zuri. Nililiacha, nikamshikia mshumaa.