Mama Mizigo Amefika

Mdogo wangu anatengeneza majokofu, na mtaa mzima unamwita Barafu. Ukimletea friji iliyokufa ataiwekea sikio ubavuni, ataigonga kidogo, halafu atakutajia ugonjwa wake kabla hajafungua skrubu hata moja. Kwa mambo ya binadamu hana sikio hilo. Mkewe ndiye aliyekuwa akimfafanulia dunia: huyu kakasirika, huyu anakutania, huyu mpe pole. Mimi ni dada yake, mshona nguo, na tunakaa nyumba moja, kwa hiyo ninachosema nimekiona.

Wifi yangu alikuwa mpokea simu hospitalini. Kutwa nzima "karibu, nikusaidie nini," na akirudi nyumbani amebeba mifuko, anagonga mlango kwa mguu na kupaza sauti: "Nimefika! Fungua, mikono imejaa!" Ufunguo alikuwa nao, lakini hakuutafuta hata siku moja. Mume alikuwa akitupa alichoshika na kukimbia kufungua. Mimi nilikuwa nawasonya tu, watu wazima wale na mambo yao.

Jambo lao kubwa lilikuwa mchezo wa kompyuta, ule wa mtandaoni. Maelfu ya watu, kila mmoja kwake, wanaendesha vyombo vya kuruka kati ya nyota. Wanachimba madini kwenye sayari, wanauziana, wanapigana, wanaungana vikosi. Usicheke. Hata mimi nilidhani ni mambo ya watoto mpaka nikawasikia watu wenye wajukuu wakigombana humo kama wanagombea shamba la urithi.

Barafu alikuwa mlinzi wa kituo cha kikosi chao, yeye ndiye anayevifungulia vyombo mlango. Wifi hakupenda vita. Alichukua lichombo lizito la kubebea mizigo, akawa anawapelekea wenzake mahitaji yao, wakamwita Mama Mizigo. Sasa mchezo ule unakuruhusu kurekodi maneno yako, na kila unapotua anayekufungulia mlango anayasikia, yeye peke yake. Wifi akarekodi nini? Yaleyale ya nyumbani. Na baada ya "fungua" akaponyokwa na kicheko kidogo, maana mume alikuwa pembeni akimkunjia sura.

Alikufa ghafla. Kichwa kilimuuma akiwa kazini, palepale hospitalini, na kufika jioni tukaambiwa hayupo tena. Simu yake iliibwa katika ile hekaheka. Wala hakuwa mtu wa kutuma ujumbe wa sauti. Alisema anaongea kutwa nzima, akitoka kazini anaandika. Ikabaki sauti yake moja tu duniani, ile ya kwenye chombo.

Na mchezo una kanuni zake. Chombo kisichorushwa muda mrefu kinafutwa. Kuingia kwa akaunti ya mtu mwingine ni udanganyifu, ukikamatwa wenye mchezo wanaifunga. Mdogo wangu aliyajua yote hayo. Akaokoteza vipande, akaunda kompyuta ya pili, akaiweka kando ya ile ya kwanza, akaingia kwa jina la mkewe. Kila jioni akitoka karakana, hata mikono hajanawa, anakirusha kile chombo mpaka sayari ya jirani, kisha anakirudisha. Kwenye kompyuta moja yeye ni mke anayefika, kwenye nyingine ni mume anayefungua. Na mimi niko chumba cha pili, mguu kwenye cherehani, nasikia kupitia ukutani: "Nimefika! Fungua," kicheko, "mikono imejaa!" Mungu wangu. Siku za mwanzo nilikuwa nainuka kwenda mlangoni.

"Si uirekodi kwenye simu yako?" nilimwambia. "Uwe nayo mkononi. Mambo ya mtandaoni hayana dhamana."

Akanitazama vibaya. "Anayerekodiwa ni aliyekwenda, dada. Huyu bado anafika."

"Haya baba, shauri yako."

Wenzake kikosini hakuwaambia. Waliona Mama Mizigo yupo, wakimsalimia anaandika "salama," wakimtania anaandika "sawa." Yule mwanamke ambaye akianza utani mnashika mbavu! Kuna mmoja wao aliyejiita Jicho, naibu wa mkuu wa kikosi. Huyo ndiye aliyeanza kunusa kwamba kuna kitu.

Basi siku moja kituo kikavamiwa, na maadui wakaingia bila kuvunja hata bawaba. Mlango ulikuwa wazi. Nilikuwapo nyumbani, najua ulivyoachwa: Barafu alimfungulia mkewe, sauti ikaja, akafumba macho akiisikiliza, akasahau kufunga. Kitu kilichojengwa na mamia ya watu kwa miaka kikaenda hivyo hivyo. Wengine walilia, niliwasikia kwenye spika. Halafu machozi yakageuka hasira, wakaanza kuulizana nani kawauza.

Jicho akasema msaliti anaye. Nani alitua mwisho? Mama Mizigo. Nani siku hizi haongei? Mama Mizigo. Ameuza akaunti yake kwa maadui, akasema, au alikuwa wao tangu zamani. Wakamrukia marehemu wa watu kwa matusi ambayo kinywa changu hiki, na jinsi kilivyo kichafu, hakiwezi kuyarudia.

Nikaingia chumbani. Barafu amekaa na grisi yake mikononi.

"Wewe kaa kimya," nikamwambia. "Watapoa. Ukifungua mdomo utakipoteza kile chombo."

"Wanamtukana, dada."

"Yeye hasikii."

"Mimi nasikia." Akabonyeza kipaza sauti. "Jamani, mke wangu msimtukane. Mke wangu amekufa. Aliyekuwa akiwajibu ni mimi. Na mlango nimeuacha wazi mimi. Nitukaneni mimi."

Kisha nikasikia mwanamume analia, kumbe ni yuleyule Jicho. "Kaka, kwa nini hukutuambia? Nimekwama angani mara ngapi, mama wa watu akaniletea mafuta, leo mimi ndiye wa kumtukana?" Ningekuwa mdogo wangu ningemjibu: kwa sababu nyinyi mkijua mtasema.

Na wakasema. Toba iliwashika, wakaamua Mama Mizigo aagwe kwa heshima zote. Jicho akatangaza kila mahali wanapokutana wachezaji, akaeleza kila kitu, jinsi mume anavyokirusha chombo cha marehemu kila jioni kwa mapenzi. Hata wale maadui wakaomba kuja, wakasema kituo watakiacha wazi siku hiyo, na Barafu ashike mlango wake wa zamani. Barafu akanisomea tangazo lile.

"Wenye mchezo nao si wanasoma?" nikamuuliza.

"Nao ni watu, dada. Watakuwa na utu."

Jumapili alasiri nikakaa kando yake juu ya kreti ya vipuri. Nasema kweli, nilikwenda kukebehi. Nikaona vyombo hadi mwisho wa kioo, vya marafiki na vya waliowapora, vimepanga safu mbili, taa zimezimwa. Lichombo la wifi likapita katikati polepole, watu wakilitaja jina lake mmoja mmoja. Likafika mlangoni. Wao hawakusikia kitu. Tulisikia sisi wawili tu. "Nimefika! Fungua," kile kicheko, "mikono imejaa!" Nililia mpaka pua ikaziba. Barafu alikuwa anatabasamu, mara ya kwanza tangu msiba.

Wanasema wema hauozi. Wallahi ule uliamka umeoza. Kesho yake alipotoka karakana akawasha kompyuta zote mbili, na ya pili ikamletea ujumbe wa wenye mchezo, una adabu kuliko sisi sote. Wamesoma habari za msiba. Wanatoa pole. Wameguswa mno na upendo wa wachezaji wao. Hata hivyo, akaunti ni ya mwenyewe tu na hairithiwi, kwa hiyo wameifunga na vilivyomo vyote vimefutwa. Akaunti ya Barafu mwenyewe hawataigusa, kwa kumhurumia. Eti kwa kumhurumia!

Jicho aliwaandikia, akawapigia magoti, watu chungu nzima wakapiga kelele pamoja naye. Wakajibiwa kwamba kilichofutwa hakirudi. Wenzake wakamtumia Barafu picha za siku ile ya kuaga, tena picha nzuri. Alizitazama mara moja akazifunga.

Mchezo aliuacha. Akawa anarudi, ananawa, anakaa mbele ya kompyuta zilizozimwa mpaka chakula kinapoa. Siku moja akaja kusimama kando ya cherehani yangu.

"Dada, hebu iseme wewe."

"Niseme nini?"

"Ile ya mlangoni. Wewe umeisikia kila siku."

Nikatoa mguu kwenye cherehani. "Nimefika! Fungua, mikono imejaa!"

"Hapo kati kulikuwa na kicheko."

Nikairudia na kucheka mahali pake. Akatikisa kichwa. Kilikuwa chembamba zaidi, akasema, halafu mwishoni kinapanda. Au kinashuka? Akainamisha kichwa, sikio limeelekea ukutani, kama anavyosikiliza mafriji yake. Akajaribu mwenyewe, ikatoka kikohozi. Nikavuta pumzi nijaribu tena, maana nilitaka sana kumpa, ningeweza hata koo langu ningemkatia.

Akajiziba masikio kwa viganja vyote viwili.

"Basi, dada. Nyamaza. Unaifuta iliyobaki."