Kilio cha Ibadakuli

Maganzo wanamjua Generosa kwa cherehani yake. Anashona sare za shule na magauni ya kwaya barazani, kando ya barabara kuu, na si msemaji. Alizaliwa Tinde, akaolewa na Jilala, kijana mrefu aliyeanza na almasi hapo hapo Maganzo kisha akafuata dhahabu Geita. Siku hizi cherehani ikinyamaza katikati ya mshono, majirani hawaulizi. Wanajua anasikiliza.

Jilala alifia huko kwenye duara, ndivyo wachimbaji wanavyoliita shimo la dhahabu. Alishuka asubuhi, kuta zikaanguka nyuma yake. Wenzake walipolaza masikio juu ya mwamba walisikia nyundo: ko, ko, ko. Wakachimba kuufuata mlio. Generosa, mimba ikiwa kubwa, alipofika walimwambia naye ainame asikilize. Aliinama, akasikia. Kesho yake hapakuwa na mlio, na duara likafukiwa Jilala akiwa humo. Nyumbani walizika koti lake na viatu.

Mtoto alipozaliwa, Generosa alimwita George, jina la baba yake mzazi. Mbuke, mama yake Jilala, hakulipinga jina hilo, ila hakulitamka. Watu wote walimwita Generosa Mama George; yeye alisema “mkamwana”, na mtoto alikuwa “huyu mjukuu”.

George alizaliwa na ukungu mweupe machoni, mtoto wa jicho. Edson, kaka yake Generosa anayefanya kazi Dar es Salaam, alitafuta hospitali huko na kukata tiketi za ndege, maana hakutaka mtoto mwenye jicho bichi apigwe na vumbi na kutikiswa na basi. Jicho la kulia lilipasuliwa kwanza.

Waliporudi, mtoto alikuwa amelala fofofo. Ndege ilipoanza kushuka kuelekea uwanja wa Ibadakuli, Shinyanga, aliamka kwa ukelele, akajipinda mgongo, akashika kichwa. Abiria waligeuka. Generosa alimbembeleza, akamwimbia, wapi. Mlango ulipofunguliwa, Mbuke aliyekuja kuwapokea alisikia kilio kabla hajawaona.

“Shikamoo, mayu,” Generosa alimwamkia, yaani mama kwa Kisukuma.

“Marahaba. Alilia hivi na mlipokwenda?”

“Tulipokuwa tunashuka Dar, ndiyo.”

“Na mlipopaa?”

“Alikuwa anacheka.”

Walirudi Maganzo. Jirani yao Martina, muuza mihogo, aliwapokea kwa vigelegele. “Mama George! Mtoto kapanda ndege kabla ya baiskeli! Sasa mihogo yangu ataila kweli?” Generosa alicheka. Mbuke hakucheka. Walipobaki wawili ndani, alisema:

“Mtoto huyu analilia jina.”

Generosa alijua maana yake. Kwa Wasukuma wa kwao, mtoto akilia kilio kisichobembelezeka, wazee husema yupo marehemu anayetaka kuitwa. Akipewa jina lake, mtoto hunyamaza.

“Akipaa anacheka, akishuka analia,” Mbuke aliendelea. “Nani wetu alishuka asipande?”

“Mayu, yule bado yuko chini.”

“Ndiyo maana anataka kutoka.”

“Nikimwita mtoto aje kula, nitakuwa namwita na aliye chini. Na akiitika?”

“Kwangu aitike tu, mkamwana. Mimi nimezika koti.”

Walikubaliana. Jicho la pili likishafanyiwa, Mbuke angekuja tena uwanjani. Mtoto akishuka analia, ataitwa Jilala. Akishuka kimya, neno hilo halitatajwa tena.

Safari ya pili George alilia tena waliposhuka Dar. Hospitalini, Generosa alimuuliza nesi aliyeitwa Agnetha kwa nini mtoto alie wakati wa kushuka tu.

“Alikuwa anafanya nini?”

“Amelala.”

“Basi ni masikio, mama. Ndege ikishuka, hewa inazidi kuwa nzito, inabana ngoma ya sikio. Wewe unameza mate, unapiga miayo, kunafunguka. Yeye hajui. Mkianza kushuka mwamshe, mnyonyeshe pole pole mpaka magurudumu yaguse chini. Usimshibishe mapema, akakataa ziwa. Na akiwa na mafua makali, msisafiri kabla hajaonwa na daktari.”

Alimwangalia mtoto puani, akaridhika. Generosa alishukuru, lakini usingizi ulimpaa. Sasa alikuwa na dawa ya kilio, na kilio ndicho mama mkwe wake alichokuwa akikisubiri kwenye uzio wa uwanja.

Siku ya kurudi, mhudumu alipotangaza kwamba wanaanza kushuka, George alikuwa amelala. Generosa alimtazama. Angeweza kumwacha. Lakini alikumbuka vile vidole vidogo vilivyoshika kichwa, akamgusa shavu. George alifumbua macho yote mawili, akamwona mama yake, akanyonya. Kila alipomeza, koo lake dogo lilipanda na kushuka.

Chini yalitokea mashimo ya Maganzo, madoa meupe kwenye ardhi nyekundu. Masikio ya Generosa mwenyewe yakaziba. Sauti ya injini ikaenda mbali, na ndani ya kichwa chake kukaanza mlio.

Ko. Ko. Ko.

Alijua ni moyo wake. Alijua pia kwamba akimeza mate utakoma, kama ulivyokoma siku ile. Hakumeza. Maumivu yakamwingia kama sindano, machozi yakamtiririka, na chini ya kifua chake mtoto akanyonya kwa raha mpaka magurudumu yakagusa.

Mbuke alikuwa kwenye uzio, kajifunga khanga mpya. Alimwona mjukuu akichezea kitufe cha gauni la mama yake, anatazama watu. Uso wake ukaporomoka. Midomo yake ilicheza. Generosa hakusikia vizuri, ila alielewa.

“Hakulia,” alijibu, kwa sauti kubwa kuliko alivyokusudia. “Nilimnyonyesha. Yalikuwa masikio, mayu.”

Mbuke alitikisa kichwa taratibu. Halafu akamkazia macho. “Na wewe? Mbona umelia?”

“Yangu yameziba. Nasikia nyundo.”

Mwanamke mzee alisimama palepale, watu wakipita na mabegi. Alimchukua mtoto, akambeba kiunoni.

“George,” alisema, kama anayeonja. Kisha akasogea. “Inama, Mama George. Lete sikio.”

Generosa aliinama. Mbuke akaegemeza sikio lake kwenye la mkwewe, akafumba macho, akasikiliza. Mate yalimjaa Generosa kinywani. Hakuyameza.