Diwani wa Misibani

Rigobert alizaliwa Likasi, Kongo, akaja Brussels kusoma, akaishia kuwa mhasibu mwenye suti moja nyeusi iliyochakaa viwiko kwa ajili ya misiba. Awe mtu wa Katanga au wa Bujumbura, Mkristo au Mwislamu, akifa tu Rigobert yupo: anapanga viti, anaosha vikombe, anaisemea familia. Ndiyo maana mwaka 2006, alipogombea udiwani wa Etterbeek, manispaa aliyokuwa akiishi, aliona ushindi uko mfukoni. Misiba yote ilimwahidi kura.

Masikini, hakujiuliza kitu kimoja. Waombolezaji wake walikaa Molenbeek, Anderlecht, Schaerbeek, kila mahali isipokuwa Etterbeek, na kila manispaa, au commune kama wanavyoiita kule, huchagua madiwani wake. Akaanguka vibaya. Mkewe Régine hakujua acheke au amzabe kofi.

Mwaka 2012, alipogombea tena, Régine alimwapisha: safari hii ni milango ya majirani tu. Rigobert alitii vizuri mpaka Jumamosi ya mwisho kabla ya kura, alipofariki mume wa Hidaya, mama mmoja Mrundi wa Molenbeek. Régine akamkuta anavaa ile suti.

"Papa, barabara mbili zingali zinabakia! Kule Molenbeek hautapata hata voix moja, hata kura moja!"

"Bon, najua. Lakini mufu hana commune, Régine."

Akaenda. Régine alimtukana kimoyomoyo, akabeba vipeperushi, akagonga milango mwenyewe hadi miguu ikawaka moto. Ukweli ni kwamba alimpenda mume wake kwa tabia hiyohiyo iliyomtia wazimu.

Jumapili walipiga kura, Rigobert akarudi msibani na kuzima simu. Jioni chama kikampigia Régine, naye akapanda metro kumfuata. Alimkuta jikoni, mikono imejaa povu, sebuleni watu wanasoma Kurani. Habari kama ile huwezi kuitamka mahali kama pale. Akasimama mlangoni, akajikaza, wapi, machozi yakamwagika.

Hidaya, mjane mwenyewe, akainuka kumkumbatia. "Asante, dada yangu. Asante kwa kumulilia mume wangu."

Régine hakumjua marehemu hata kwa sura. Lakini alipokea pole zote, akalia zaidi, na sasa alikuwa anamlilia kweli. Rigobert akamtazama juu ya mabega ya wanawake, akaelewa kwamba ameshinda, maana Régine akishindwa hununa, halii.