Tundu la Hewa la Mama Kufuli

Mama mkwe wangu hakunywa maji aliyomiminiwa na mtu. Alisuuza glasi mwenyewe, akaielekeza kwenye mwanga, ndipo akanywa. Majirani walimwita Mama Kufuli. Jina alilijua na hakulikataa. Tumemzika majuzi, Mungu amlaze pema, na nyumba imekuwa kubwa mno.

Alikuwa mshonaji wa sare za shule. Vumbi la vitambaa lilimwingia kifuani miaka nenda miaka rudi, mpaka akawa anapumua kwa mluzi. Daktari akasema chumba chake kinahitaji hewa. Madirisha hakuyafungua, maana kwake dirisha wazi lilikuwa mlango wa mwizi. Basi mwanawe, yaani mume wangu, akaleta fundi wa kufunga feni: moja ya kutoa moshi na mvuke jikoni, nyingine ya kuvuta hewa safi ya nje na kuipeleka chumbani kwa mama.

"Matundu haya mawili yasikae pamoja," fundi alisema. "La kutolea liwe huku nyuma. La kuingizia liwe mbali, upande upepo unakotokea."

"Upande ule ni kwa jirani," mama akajibu. "Amekupa nini?"

"Hajanipa kitu, mama."

"Basi yaweke yote hapa uani, niyaone nikiwa kwenye cherehani."

Fundi akamtazama mume wangu. Mume wangu akatazama viatu vyake. Matundu yakatobolewa ubavu kwa ubavu.

Haikupita wiki, harufu ikaanza. Mama yuko chumbani, mlango umefungwa, ufunguo uko kiunoni mwake, na chumba kizima kinanuka vitunguu vya kukaangwa. Kifua kinambana. Anatoka akikohoa, ananikuta jikoni na mwiko mkononi.

"Umeingiaje chumbani kwangu?"

"Sijaingia, mama."

"Hujaingia. Vitunguu vyako vina miguu."

Ikawa hivyo kila nikipika. Akabadilisha kufuli. Akanyunyiza unga kizingitini apate kuona nyayo. Alipokuta unga haujaguswa ndipo akaogopa kweli, maana anayeingia bila kukanyaga si mtu wa kulala naye nyumba moja. Akamwambia mwanawe mbele yangu, "Jumamosi mrudishe kwao. Ama yeye, ama mimi."

Mume wangu akasema atafikiria. Nilimjua: kufikiria kwake ni kukubali polepole. Nikaanza kukunja nguo zangu. Nami nilimshuku mama. Niliona harufu kaitunga yeye, apate sababu ya kunitoa. Nilimlalamikia Mungu kwa maneno ambayo siwezi kuyaandika.

Ijumaa mama akatutuma sote wawili kusali. "Nendeni mkaombe hekima," alisema, na mlango ukafungwa nyuma yetu kwa makomeo mawili. Tuliporudi alitufungulia macho yakiwa mekundu, kajifunga aproni yangu.

"Nani kapika, mama?" mume wangu akauliza.

"Mimi. Nilitaka huyo anayeingia aingie ninyi hampo."

"Akaingia?"

"Akaingia." Akanitazama juu mpaka chini. "Hamkurudi kwa mlango wa uani?"

"Ufunguo wa uani nao unao wewe, mama."

Akajipapasa kiunoni. Ulikuwepo. Akatuongoza uani kuukagua mlango, kikaango bado kikiwa motoni. Moshi ulitoka tundu la kushoto, ukapinda kidogo, ukaingia la kulia kama mtu anayerudi kwake.

"Kumbe nimejifukiza mwenyewe," akasema. Kisha, "Huyu fundi alitaka alipwe mara mbili."

Fundi alipoitwa hakubishana. Alizunguka nyumba nzima akinusa. Upande wa barabara ni vumbi, kwa jirani siku hizi wanachoma takataka, nyuma kuna choo. Ukuta mmoja tu ulikuwa na hewa safi: ule wa chumba chetu. Akashauri tundu la kuingizia likae kando ya dirisha langu, bomba lipite juu ya dari yetu hadi kwake.

Mama alisogea hadi pale dirishani, mkono kifuani.

"Hapo dirishani unafanya nini?" akaniuliza.

"Nalala, mama. Na kusali."

"Hupulizi dawa ya mbu?"

"Sipulizi."

"Ukianza, nitajua siku hiyo hiyo." Akamgeukia fundi. "Toboa."

Jumamosi ikaja, ikapita. Hakuna aliyenifukuza, wala aliyeniomba radhi. Nikarudisha nguo kabatini, na mluzi wa kifua chake ukapungua.

Asubuhi moja tukinywa chai, alikaa akinitazama kwa lile jicho lake.

"Bomba lile linaleta sauti," akasema. "Kila alfajiri nakusikia. Unamwombea mama yako, unamwombea mume wako, unaombea mpaka wagonjwa usiowajua. Mimi unaniruka. Kwa nini? Unanificha nini?"

Alfajiri iliyofuata nikasogea karibu na dirisha, nikaanza na yeye, kwa sauti, asije akasema nimenong'ona.