Sahihi ya Sita

Arndis alikuwa na sahihi tano, na alihitaji sita. Ya sita ilikuwa kwa Ketill, mzee anayekaa chini yake, yule yule aliyeandika barua ya malalamiko. Tangu Jumatatu Arndis alikuwa akishuka ngazi hadi mlangoni pa Ketill, anasimama, kisha anarudi juu bila kugonga.

Msimcheke, jamani. Najua, mtu wa miaka hamsini na saba kuogopa mlango ni aibu, tena mtu aliyefanya kazi miaka ishirini kwenye bafu la bwawa la kuogelea, akiwaambia watalii bila kupepesa macho, "Wee, vua hiyo chupi, koga kwanza na sabuni, ndiyo uingie majini." Watu wazima walikuwa wakimtii kama watoto wa chekechea. Lakini hiyo ilikuwa kabla ya sonona. Januari moja aliamka, miguu ikakataa kushuka kitandani. Hakuumwa popote. Alilala akitazama dari, akijua kwamba amechelewa kazini, na hakujali. Daktari akampa vidonge na likizo. Vidonge alimeza. Likizo ikawa ya mwaka mzima, na katika mwaka huo kuna wiki alizokula mtindi mtupu amesimama mbele ya friji, nywele hazijaona kitana.

Watu wakimuuliza hali, anajibu, "Nzuri tu." Usimshangae. Mji wetu huu wote wa Reykjavik ni nzuri tu. Utamkuta mtu kamzika mamake jana, leo ni nzuri tu.

Ndipo binamu yake Sigfus, mfugaji wa kondoo, akaja na mbwa kwenye gari.

"Nipunguzie hili balaa," akasema. "Anaitwa Lubbi. Mbwa wa kondoo anayeogopa kondoo! Ushawahi kuona? Kondoo akikohoa tu, mwenzio yuko chini ya trekta."

"Sasa mimi nimfanyie nini?"

"Mpikie kahawa, sijui. Kaa naye."

Kosa likafanyika hapo. Ukikaa kwenye jengo la nyumba nyingi zinazotumia ngazi moja, huwezi kuingiza mbwa hivi hivi. Theluthi mbili ya wenye nyumba lazima waafiki kwanza, kwa maandishi. Arndis alijua. Huku hata mtoto anajua. Lakini sisi watu wa kisiwa hiki tuna ugonjwa wetu mwingine, unaitwa "itajipa." Paa linavuja, itajipa. Harusi kesho na bwana harusi hana suti, itajipa. Arndis naye akasema itajipa, akampandisha Lubbi ngazi bila kumuuliza mtu.

Miezi minne hiyo! Mbwa hajui sonona ni nini, anajua mkojo. Saa kumi na mbili asubuhi alivuta blanketi kwa meno hadi likaanguka, akabweka mara moja, akangoja. Arndis alimtukana kila siku, na kila siku akaamka, kwa sababu ukibaki kitandani utapiga deki. Na ukishatoka nje na koti juu ya nguo za kulalia, upepo unakupiga usoni, umeshaamka, huna la kufanya. Wakatembea ufukweni. Watu wenye mbwa wakaanza kumsalimia. Jina lake hawakulijua, wakamwita Mama Lubbi. Mwezi wa pili akanunua nyama ya kondoo, akapika supu ya watu wanne, akala siku tatu. Mwezi wa tatu akapita mbele ya bwawa la kuogelea akasimama kutazama ndani. Hakuingia, ila alisimama.

Kisha ikaja barua ya Ketill, kikafuata kikao cha wenye nyumba, na Sigfus akarudi na gari kumchukua Lubbi.

Sasa zilikuwa zimepita siku kumi na tisa bila mbwa. Hakujua kwamba mkono unaweza kukumbuka wenyewe. Asubuhi ulianguka pembeni mwa kitanda kutafuta manyoya, haukuyapata, ukabaki ukining'inia. Koti lake jeusi lilikuwa limejaa manyoya ya Lubbi mgongoni hadi mikononi, naye hakutaka kulipiga brashi. Alilala nalo. Alimkumbuka Lubbi kwa namna iliyomtia haya, kwani mumewe alipoondoka na kwenda kuishi na mwingine hakumlilia hivi.

Aliyemtoa kitandani safari hii alikuwa Bergthora wa ghorofa ya tatu, mama mwenye mdomo na sindano za kufumia zisizotoka mkononi.

"We kipenzi, unanuka," alimwambia mlangoni. "Ukaoge, halafu upite milangoni na karatasi hii ya kumkubali mbwa. Mimi nimeshatia sahihi."

Akapita. Ziko nyumba tisa. Yake mwenyewe na nne zilikubali. Mmoja ana mzio, akakataa. Mwingine alikataa kwa kuwa hukataa kila kitu. Wa tatu yuko likizo Tenerife anaota jua, hapokei simu. Akabaki Ketill. Na Alhamisi Sigfus akapiga.

"Arndis, kuna familia ya kaskazini inamtaka. Wanakuja Jumamosi."

"Anaendeleaje?"

"Anakaa getini. Kila gari likipita anasimama. Halafu anakaa tena. Siwezi kuendelea kumtazama, binamu. Pata hiyo karatasi au niache nimtoe."

Basi akashuka, na safari hii akagonga.

Ketill alifungua akiwa na soksi tu na sweta lililotoboka kiwiko. Aliiona karatasi kabla hajamwona mwenyewe.

"Hapana," akasema.

"Sijasema kitu."

"Ndiyo nimekuokolea muda."

"Niko tayari kumfunza asibweke."

"Aina ile? Funza upepo usivume." Hata hivyo hakufunga mlango. "Unamtakia nini huyo mbwa, hasa? Umewaambia wenzako ni kampani tu. Kampani nunua redio."

Arndis akafungua mdomo ajibu lile "nzuri tu" la kila siku, akaliacha. Alikuwa amechoka nalo. Alilichoka hadi machozi yakamtoka pale pale kwenye ngazi, watu wanapopita.

"Mimi si mzima, Ketill. Nina sonona, mwaka wa pili huu. Bila yule mbwa siamki. Sikutanii, siamki. Nalala pale juu ya kichwa chako mchana kutwa natazama dari, na Jumamosi wanampeleka kaskazini, na sijui Jumapili nitaamka kwa ajili ya nini."

Alikuwa hajamwambia mtu mwingine isipokuwa daktari. Alitamani ngazi zimmeze. Ketill akageuka akaingia ndani, akaacha mlango wazi. Arndis akavua viatu, akamfuata.

Mezani palikuwa na kikombe kimoja. Mzee akaongeza cha pili, akamimina kahawa bila kuuliza.

"Mwaka wa sabini na moja," akaanza. "Mbwa walikuwa marufuku mjini, unakumbuka habari hizo? Ulikuwa mtoto. Mimi nilikuwa naye, Perla. Nilimficha miaka miwili. Asubuhi namtoa kupitia mlango wa nyuma kabla watu hawajaamka. Jirani akaandika barua. Wakaja wakamchukua, hakurudi."

"Pole."

"Subiri. Usinionee huruma, sijamaliza." Aliusukuma mkebe wa sukari huku na huku. "Yule wako ana kucha. Saa kumi na mbili anaanza, tik tik tik, kichwani kwangu. Na mimi naamka. Naamka nikiwa nusu usingizini, naenda mlango wa nyuma kumfungulia Perla. Nafika nimeshika kitasa ndipo nakumbuka. Kila siku, mwanamke wewe! Mzee wa karibu miaka themanini nimesimama na kitasa mkononi, nalia. Nikasema potelea mbali, mbwa huyu aondoke nipumzike. Nikakaa meza hii nikaandika barua kama aliyoniandikia jirani yangu."

"Na umepumzika?"

Ketill aliurudisha mkebe wa sukari mahali pake.

"Naamka saa ile ile," akasema. "Nasikiliza. Hakuna kitu. Nakwenda mlangoni vilevile."

Walikunywa kahawa hadi ikaisha. Kisha mzee akavaa miwani, akaivuta karatasi, akaisoma yote tangu juu kama mtu anayenunua nyumba, akatia sahihi. Jina likapanda juu ya mstari.

Arndis aliikunja karatasi mara mbili, akaishika kwa mikono miwili. Alitaka kushukuru, akaona neno dogo.

"Nampigia Sigfus sasa hivi," akasema. "Na nitamfumia Lubbi soksi, Ketill. Za sufu, za miguu yote minne. Bergthora atanisaidia. Hutasikia hata kucha moja."

"Thubutu!" Mzee alivua miwani, macho mekundu. "Nimetia sahihi ya mbwa, sikutia ya soksi. Mwache atembee."