Mjomba wa Foleni

Sukari ilipoadimika kwa sababu ya vita, duka la Changamwe liliiuza Jumamosi tu, nasi tukazoea kupanga foleni. Jumamosi moja nilisimama nyuma ya mzee wa Jomvu Kuu ambaye alikuwa anamwoza bintiye Ijumaa. Mbele yake alikuwa mama mmoja wa makamo. Watu walikuwa wakitoka na sukari zao, lakini sisi hatukusogea. Mama yule alikuwa amewashikia nafasi dada zake. Kila dada aliyefika alikuwa amemshikia wifi yake, na mawifi wakaja na mabinti.

Mzee akakohoa kidogo, akamuuliza mama yule: "Mwanangu, mamako mtu wa wapi?"

"Wa Jomvu Kuu, baba."

"Basi mimi ni mjomba wako."

Mama alimtazama kuanzia kofia hadi makubadhi. Kumkana mjomba mbele za watu ni aibu. "Shikamoo, mjomba," akasema, akampisha mbele.

Mzee alipotoka na kifurushi chake nilimuuliza kama kweli ni ndugu.

"Simjui, wallahi," akanijibu kwa upole. "Lakini Jomvu ni ndogo." Akanialika harusini.

Ijumaa, chai ikiwa jikoni, mama yule aliingia na dada, mawifi na mabinti wote, akiuliza mjomba wake yuko wapi. Mzee aliwakaribisha mmoja mmoja, akawatilia sukari kwa mkono wake. Kikombe changu kilipofika hakikuwa na utamu wowote.

"Kunywa hivyo hivyo," mzee akaninong'oneza. "Wewe si ndugu."