Mama Kristina, mkimbizi aliyenifundisha theory ya leseni ya pikipiki, Newala

Wakuu, nawasalimu. Wakubwa zangu shikamooni, ingawa nadhani humu mmebaki wachache.

Juzi nimesoma uzi wa kijana wa bodaboda anaomba atumiwe majibu ya theory ya leseni, akariri, afaulu, maisha yaendelee. Wengi mmemshambulia. Mimi sikuweza, kwa sababu nilianza hivyohivyo. Ila kuna mtu alinigeuza, na mpaka leo nikimkumbuka mwili unasisimka.

Nitaandika nilichokiona na kukisikia mwenyewe. Nilichosahau nitasema nimesahau. Mnivumilie, nachapa kwa kidole kimoja.

Ilikuwa mapema miaka ya sabini. Mimi ni Mnyamwezi wa Tabora. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, bwana afya mbichi kabisa, nikapangiwa Newala.

Kazi yangu ilikuwa kukagua visima na vyoo kwenye vijiji vya ujamaa vilivyokuwa vinaanzishwa. Wenyeji wa kule mnajua shida ya maji. Juu uwandani maji hakuna, yako mabondeni. Kina mama walikuwa wanashuka mteremko alfajiri, wanarudi na ndoo jua limeshapanda. Na maji yenyewe wakati mwingine yalikuwa machafu, watoto wanaharisha, wengine tunawazika.

Kwa miguu nilifikia kijiji kimoja kwa siku. Vijiji vilikuwa vingi kuliko siku.

Basi wilaya ikapata pikipiki, na mkuu wangu wa kazi akasema ni yangu. Nilifurahi hadi nikasahau kumshukuru. Lakini alikuwa mzee asiye na mchezo. Akanieleza kwamba haitoki stoo mpaka nilete leseni, na nikifeli mara mbili anampa mwenzangu wa Tandahimba, mimi niendelee na miguu yangu.

Mtihani ulikuwa Masasi, wa mdomo, mbele ya sajenti wa trafiki. Kwanza theory, ukipita ndipo unaendesha.

Kuendesha nilijua tangu chuoni. Kwa theory nikaazimwa kitabu cha alama za barabarani kilichochakaa, hata jalada hakina.

Sasa jiulizeni, Newala ya wakati ule ilikuwa na alama gani? Mimi sikumbuki kuona hata moja. Barabara ni mchanga, kulia mikorosho, kushoto mikorosho. Nikakariri tu kama mtoto wa madrasa anayekariri sura asizozielewa. Hii kona kali, hii mteremko, hii daraja jembamba.

Nikadandia lori mpaka Masasi.

Sajenti alikuwa mtu mzima, mrefu, sauti ya chini. Ofisi yake ilitazamana na yale majabali ya mji. Alikuwa na kadi za alama alizozichora mwenyewe kwa rangi. Akawa anainua moja moja, nami nataja. Sikukwama hata mara moja. Nikaanza kutabasamu.

Ndipo akarudia kadi ya kona kali. Akaniuliza kwa nini huwekwa kabla ya kona, isiwekwe kwenye kona yenyewe. Nikajibu ndivyo kitabu kinavyosema. Akauliza nikiiona nafanya nini. Nikasema naisoma.

Akafunga daftari lake taratibu. Akanipangia nirudi baada ya wiki tatu.

Nilirudi Newala na hasira. Niliona ameniona mtu wa kuja, ananionea.

Nilikuwa nimepanga chumba, na nyumba ya jirani aliishi Mama Kristina. Alikuwa Mmakonde wa ng'ambo ya Ruvuma, aliyekimbia vita vya Msumbiji na binti yake huyo Kristina, msichana wa miaka kama kumi. Umri wake kama wa mama yangu. Ana chale usoni, mguu wa kushoto anauvuta, anatembelea fimbo. Alikuwa anasoma kisomo cha watu wazima, na herufi alikuwa anazitazama kwa muda mrefu, kama mtu anayempima mgeni kabla hajamkaribisha ndani.

Siku moja nipo barazani na kitabu changu, nimenuna. Nikamwamkia, akaitikia, akauliza hicho kitabu chenye picha ni cha nini. Nikamweleza kwa kifupi ili aondoke.

Hakuondoka. Alikaa kwenye mkeka, akafungua ukurasa wa kwanza, akaniuliza hii inasema nini. Na hii. Na hii. Nikamtajia zote mara moja tu, kwa kuchoka.

Kesho yake nikiwa napiga mswaki nje, akanitajia zote kwa kufuata kurasa. Kitabu kiko chumbani kwangu. Mtu ambaye hajamaliza a, e, i, o, u.

Nilibaki na mswaki mdomoni. Nikamuuliza amewezaje. Akasema si mambo mapya, hata wao porini walikuwa na alama zao.

Wakuu, hapa msome taratibu.

Kabla hajaumia mguu, Mama Kristina alikuwa mbebaji wa wapigania uhuru. Wanawake walibeba masanduku kichwani kutoka mpakani kuingia ndani ya Msumbiji, siku nyingi porini, na yeye ndiye aliyetangulia mbele ya msafara. Njia zilikuwa zimetegwa mabomu ya ardhini. Aliyepita kwanza na kuona hatari aliwaachia alama wanaomfuata. Tawi bichi likilazwa njiani, usipite. Nyasi zikifungwa fundo, punguza mwendo, tazama chini.

Na fundo halikufungwa pale penye hatari. Lilifungwa mbali kabla.

Nikamuuliza swali lilelile la sajenti. Kwa nini mbali?

"Mwenye mzigo kichwani hawezi kusimama ghafla," akasema. "Ukimwambia akiwa ameshafika, hujamwambia kitu."

Halafu akanieleza habari ya mguu. Safari moja, mtu wa msafara uliopita kabla yao alikuwa amechoka, akafunga fundo karibu mno. Mama Kristina aliliona, akasimama, akainua mkono. Nyuma yake alikuwa mdogo wake, Paulina, na mzigo mzito kichwani. Paulina alishindwa kusimama. Akampita dada yake hatua mbili, akalikanyaga bomu.

Alinieleza hayo huku anachambua kisamvu, na mikono haikusita. Nikamwambia pole mama. Akaniambia, "Nimeshapoa, mwanangu. Lete kitabu."

Zile wiki tatu nilisoma kama sijawahi kusoma. Alinikataza kutaja jina la alama. Nikimwonyesha picha, ilinibidi niseme mkono wangu unafanya nini, mguu unafanya nini, na nani yuko mbele nisiyemwona. Hilo la mwisho ndilo lililonitoa jasho. Nikisema hakuna mtu, anakataa. Nikisema kuna mama na ndoo ya maji kichwani, anauliza anatokea upande gani, amembeba mtoto au hakumbeba. Mpaka nikawa nawaona kweli.

Nikarudi Masasi. Sajenti akainua kadi ya kona kali, nami nikamjibu kwa maneno ya Mama Kristina, neno kwa neno. Aliishusha kadi mezani. Halafu akauliza nimeyatoa wapi.

Nikamsimulia yote. Akanipitisha theory, nikaendesha, nikapata leseni. Wakati naaga akasema angependa kumwona huyo mama. Nikadhani ni maneno ya adabu tu.

Haukuisha mwezi Land Rover ya polisi ikasimama nje kwetu. Watu wakatoka majumbani wakidhani kuna mtu anakamatwa. Sajenti akashuka, akavua kofia, akamwambia Mama Kristina shikamoo. Kwa macho yangu mimi walilingana umri.

Alikuja kuomba msaada. Kwenye barabara inayoshuka kutoka uwandani kuelekea Masasi kulikuwa na kona mbaya. Lori la korosho lilikuwa limeingia bondeni pale, utingo akafariki. Sajenti alikuwa amechongesha ubao, akaupaka pembetatu nyekundu, na shimo la nguzo limeshachimbwa. Alitaka Mama Kristina aseme kama ni mahali pake.

Tukaenda. Mama Kristina alilitazama lile shimo, akatikisa kichwa, akaanza kupanda mlima na fimbo yake. Akamtaka dereva ashuke na gari mara tatu, kila mara akisikiliza breki zinapolia. Akauliza lori la magunia lina uzito kiasi gani kupita hili gari. Akapanda tena. Jua kali, sisi vijana tunahema nyuma yake.

Mwisho akachomeka fimbo kando ya barabara. Ilikuwa mbali sana na shimo la kwanza, kona yenyewe huioni kabisa. Sajenti hakubisha. Alivua koti la kazi, akashika jembe, akachimba mwenyewe.

Tukausimika ubao. Mama Kristina akagoma kuondoka. Tukakaa naye nyasini mpaka likaja lori limejaa magunia, utingo amekaa juu. Dereva akaona ubao, akapunguza, akashuka kwa gia ndogo, akakata kona taratibu, likapotea chini. Tukasikiliza mpaka mlio ukaisha.

Mama Kristina alikuwa ameegemea fimbo yake. Nilimwona kwa mara ya kwanza analia.

"Hao wamepita," akasema.

Sajenti aligeuka akatazama mikorosho. Mimi pia.

Msumbiji ilipopata uhuru walirudi kwao, yeye na Kristina. Nilikuwa safarini vijijini, sikuwaaga. Hilo linaniuma mpaka leo. Pikipiki niliendesha mpaka nastaafu na sikumgonga mtu.

Kwa hiyo kijana wa bodaboda, majibu nitakupa, si siri. Ila kila alama ujue kuna mtu alipita hapo kabla yako, akakuwazia wewe asiyekujua. Na mbele kuna mwingine usiyemwona.

Wa Newala na Masasi nisahihisheni nilipokosea, comment zenu nitazisoma zote. Na kama humu kuna mtu ana bibi anaitwa Kristina, aliyekulia Newala wakati wa vita, tafadhali mwambie bwana afya wa jirani bado yu hai, na anaomba kusikia sauti yake.